Matita Mawili ya Mukagasana

Shoka lilikwama kwenye fundo la mkaratusi, ikabidi Mukabalisa alikanyage gogo kwa mguu mmoja na kutikisa mpini kama mtu anayeng'oa jino. Kuni za Shyorongi zilikuwa mbichi. Mwezi uliopita tu lori lilikuwa likitoka Bugesera na kuni kavu, zilizopasuka zenyewe juani. Sasa halikuja tena. Dereva wake alipita mara moja, gari tupu, akasema ng'ambo ya mto Nyabarongo nyumba za Watutsi zinachomwa, watu wamejaa makanisani, na yeye hapeleki gari lake huko hata kwa dawa. Tangu hapo bei ya kuni mtaani kwao, Rwezamenyo, ilipanda, na moshi wake ukawa mzito, wa kuliza macho.

"Mpwa wangu, hilo shoka lilikula daku gani?" Usumani alimtania huku akitia mafuta gurudumu la mkokoteni. "Mbona limekuzidi nguvu?"

Mukabalisa alitabasamu bila kujibu. Hakuwa mtu wa maneno. Shule aliiachia darasa la tano baba yake alipougua. Baba alipokufa alimwachia shoka, kiwanja chenye uzio wa mabati, na mjomba Usumani wa kusukuma mkokoteni. Kazi ya kuni ilimfaa kwa kuwa haikutaka mazungumzo. Unafunga tita kwa utepe wa mpira wa baiskeli, unalitua mlangoni, unabisha hodi, unakwenda zako.

Lakini muuza kuni huijua nyumba bila kuingia ndani. Maharagwe hayaivi kwa hila: sufuria ya mtu mmoja ina moto wake, na ya watu wengi ina moto wake. Mukabalisa alijua nani kapata mgeni, nani kafiwa, nani kaachishwa kazi na sasa anapika mara moja kwa siku. Hakuwahi kudhani kwamba kujua huko ni kitu cha kuogopa.

Walikuwa wanapakia matita wakati Niyonzima alipoingia uani bila hodi. Yeye ndiye aliyekuwa responsabule, mkuu wa mtaa wao, na watu walimwita shefu. Alivaa koti la kaki, kalamu mbili mfukoni. Kibali cha kuuza kuni kilitoka mkononi mwake, na kila alipokitazama alikiona na dosari mpya.

"Dada wa kuni! Biashara iko namna gani?"

"Iko, shefu."

"Watu wanalia bei iko juu, na wewe uko na kuni mingi hapa." Alilipiga teke tita moja. "Ama unaficha, ungoje bei ipande tena? Hapa iko mtu ananunua kweli?"

Mwenye duka wa jirani alikuwa amefungiwa kwa neno hilo hilo, kuficha. Mukabalisa akajibu haraka, kama mfanyabiashara anayetaka ionekane kwamba mali yake haikai.

"Wananunua, shefu. Hata Mukagasana, yule mshonaji, siku hizi anachukua mawili."

Usumani alikohoa. Kikohozi kilichelewa.

"Mawili?" Niyonzima aligeuka taratibu. "Mukagasana mjane? Si iko peke yake mule ndani?"

Mukabalisa aliokota tita, akalikumbatia.

"Ninyi Waislamu, sawa, ni Ramadhani, jioni mnapika mingi. Lakini ule ni wa kanisa, ule hafungi. Anapikia nani?"

"Sijui, shefu."

"Unajua. Hapa wewe ndiye unajua kuliko mimi." Alicheka, akamgonga begani kwa kalamu. "Sasa naenda mkutano kule ofisi ya komini. Jua likizama nitapita kwake na vijana. Mgeni hajaandikwa, huyo ni mgeni wa adui. Na wewe usiseme kitu, sha. Ukisema, hii kuni utatafuna mwenyewe."

Alipotoka, Mukabalisa alikuwa bado ameshika tita kifuani. Wote wawili walijua maana ya vijana. Vita na waasi vilipoanza, ile Oktoba ya mwaka juzi, vijana walimfuata mwalimu aliyekaa nyumba ya pili ili "ajibu maswali kidogo." Alirudi baada ya miezi mingi, akitembea kwa kushika ukuta.

"Mjomba, nimefanya nini?"

Usumani alifuta mikono kwenye suruali. "Umejibu ulichoulizwa. Mtego wao ndio huo." Hakumkaripia, na hilo lilimuumiza zaidi.

Mukagasana alikuwa kwenye cherehani mlango ukiwa nusu wazi. Alipoona uso wa Mukabalisa aliacha kukanyaga. Hakuuliza. Aliinuka, akafunua pazia la chumba cha nyuma. Mvulana wa kama miaka tisa alikuwa ameketi sakafuni, kamshika mkono mdogo wake wa kiume, na kwenye mkeka alilala mtoto wa kike wa mwaka na kitu, kidole mdomoni.

"Wa dada yangu Xavérine," alisema Mukagasana. "Yeye yuko Bugesera, kanisani, anamuuguza mumewe. Hawa aliwapakia kwa mtu wa mkaa awalete kwangu." Akaachia pazia. "Nani amejua?"

"Mimi ndiye niliyesema," Mukabalisa alijibu akitazama miguu yake. "Sikukusudia, mama. Atakuja jua likizama."

Mukagasana hakulia wala kutukana. Alikimbilia dirishani. Kwenye kona ya juu vijana wawili walikuwa wameshakaa juu ya matofali, rungu mapajani, wakitazama kila anayepita. Watoto watatu wageni wasingefika hata kwenye bomba la maji.

Mukabalisa alisimama katikati ya chumba akinuka utomvu wa mkaratusi. Alitamani kurudi kwenye shoka lake. Kichwa chake kilijua jambo moja tu, lile la kuni na sufuria: kuni zikizidi sufuria, mtu atauliza. Basi sufuria iongezwe.

"Leo tutafuturu kwako," alisema.

"Nani?"

"Mtaa mzima."

Kwa maisha yake yote alikuwa akitua tita mlangoni na kukimbia. Siku hiyo ilimbidi abishe, angoje, aseme. Alianza kwa Bi Zuhura, mama mwenye ulimi mkali, ambaye wanawake wengine wa mtaa humtazama yeye kwanza ndipo wafanye jambo.

"Tufuturu kwa Mkristo? Tangu lini?"

"Tangu leo, shangazi."

"Na wewe tangu lini unaongea?" Bi Zuhura alicheka, kisha kicheko kikamwisha. Alimtazama msichana, akatazama kona ya juu. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Ni wangapi?"

"Watatu. Wadogo."

Bi Zuhura alivuta pumzi ndefu. "Nina wajukuu mimi, Mukabalisa. Unajua unachoniomba?"

"Najua."

"Hujui. Ungekuwa unajua usingeweza kusimama hapo." Alifunga vizuri mtandio wake. "Kuni za nani?"

"Zangu. Bure."

"Ngoja nichukue chungu."

Nyumba mbili zilikataa. Katika moja, mume alifunga mlango kabla hajamaliza kusema. Hakuwalaumu, naye angependa kufunga mlango. Alirudi uani akamwambia Usumani apeleke kwa Mukagasana kila kitu kilichokuwa kwenye mkokoteni.

"Na mwenye mgahawa wa brosheti, yule wa mishikaki? Hii ni oda yake."

"Atatafuta muuzaji mwingine."

"Hatarudi tena kwetu."

"Najua, mjomba."

Usumani alishika mipini, akasukuma.

Kabla ya magharibi uwanja wa Mukagasana ulikuwa na majiko matatu yanayowaka. Moshi wa kuni mbichi ulitanda hata nyuso hazikuonekana sawasawa, na kwa mara ya kwanza mwezi huo Mukabalisa aliufurahia. Watoto wa mtaa walikimbizana kati ya vyungu. Wale wavulana wawili wa Bugesera walikuwa wamevalishwa kofia za wajukuu wa Bi Zuhura, wakaketi kwenye mkeka kati ya wengine. Yule mdogo wa kike Mukabalisa alimbeba mgongoni kwa kitenge, kwa sababu alikuwa akilia na hakukuwa na mgongo mwingine uliokuwa wazi.

Adhana ilipoanza, Niyonzima aliingia na kijana mmoja mwenye rungu. Alisimama. Alitarajia nyumba ya mjane, akakuta karamu.

"Karibu shefu, futari haina mwenyewe," Bi Zuhura alimwahi na kikombe cha uji wa mtama. Mtu anayefika wakati huo hawezi kukataa bila kuaibika. Alipokea, akanywa akiwa amesimama, macho yakizunguka juu ya ukingo wa kikombe.

"Mnakula kwa Mukagasana?"

"Ana uwanja mkubwa. Sisi tuna midomo mikubwa."

Wanawake walicheka zaidi ya mzaha wenyewe. Niyonzima hakucheka. Aliutua uji, akatoa karatasi.

"Ule ni wa nani?" Alimnyooshea kalamu mvulana mkubwa.

"Wangu," alisema Bi Zuhura. "Mjukuu."

"Na ule?"

Kuni zilipasuka motoni. Kisha mke wa mchinjaji, ambaye mchana alikuwa karibu kukataa, akasema bila kuinua kichwa, "Wangu."

Kalamu ilizunguka, ikamfikia Mukabalisa.

"Na huyo mgongoni?"

Wanawake wote walitazamana. Mtaani kila mtu alijua watoto wa kila mwanamke, na wachanga walijulikana zaidi; hakuna mama aliyeweza kumdai huyu. Mukabalisa alihisi pumzi ya mtoto shingoni, yenye joto na unyevu.

"Wangu," alisema.

Usumani, aliyekuwa kando na wanaume, aliinamisha kichwa.

"Wako?" Niyonzima alisogea. "Wewe hujaolewa. Mwaka juzi kila siku nakuona na shoka. Tumbo lilikuwa wapi?"

"Nguo zangu ni pana, shefu."

Kijana mwenye rungu alicheka kwa nguvu. Mukabalisa aliona aibu ikipanda kutoka miguuni, aibu ya kweli, kana kwamba maneno yale yalikuwa ya kweli.

"Baba yake?"

"Hana."

"Jina?"

Hakuwa amemuuliza mtu jina la mtoto. "Zaina," alisema.

Niyonzima aliandika. Alijua, au alijua nusu yake. Hilo lilionekana kwenye tabasamu lake. Lakini mbele yake kulikuwa na wanawake wote hao, na kila mmoja alikuwa ameshika mwiko.

"Kesho unaleta kibali chako," alisema akikunja karatasi. "Mwanamke wa namna hiyo hauzi kuni mtaani kwangu. Na nitapita kuona kama mtoto iko kwako. Mara nyingi nitapita."

Alipoondoka, hakuna aliyekula. Mukagasana alikuja mbio, mikono mbele, kumpokea mtoto. Mukabalisa alirudi nyuma hatua moja.

"Analala kwangu, mama. Umesikia."

"Anaitwa Kaliza," Mukagasana alinong'ona. "Mama yake ndivyo alivyomwita. Akija kumtafuta ataulizia Kaliza."

"Msimwite hivyo tena."

Alikaza kitenge akatoka. Kwenye kona, vijana walikuwa wamerudi kwenye matofali yao. Yule aliyeingia na Niyonzima alitandaza miguu njiani.

"Zaina!" aliita, akiangalia mgongo wake. "We Zaina, hebu tazama huku!"

Mtoto hakugeuka.

"Ana usingizi," Mukabalisa alisema. Kijana alimtazama kwa muda, kisha akaondoa miguu.

Alishuka na njia yake polepole, kwa kuwa kukimbia kungewafanya wamfuate. Aligeuza shingo hadi mdomo wake ukakaribia sikio la mtoto, akaanza kumwita. Zaina. Zaina. Zaina. Aliita kwa sauti ya kubembeleza, bila kupumzika, na kabla hawajafika mlangoni, mtoto aliitika.