Mkanda wa Ngozi na Kilima cha Spånga

Mtu akiniambia kwamba pikipiki ya kale ni pambo, damu inanichemka. Pambo ni ua la plastiki. Pikipiki ni chombo cha kwendea, na kama haiendi ni chuma chakavu, hata uing'arishe mpaka ujione meno.

Ndiyo maana Jumamosi ile nilikuwa chini ya kilima kimoja kule Spånga, pembeni mwa Stockholm, manyunyu ya Mei yakiniingia shingoni, roho juu juu. Klabu ya pikipiki kongwe ilikuwa imeniazima injini iliyoundwa Stockholm hii hii, zaidi ya miaka mia iliyopita, katika karakana ndogo ya mtengeneza baiskeli ambaye hata jina lake limesahaulika. Masharti yao yalikuwa mepesi kuyasema: niiundie fremu, halafu inipandishe kilima kile bila mguu wangu kugusa chini. Nikiweza, injini ni yangu. Nikishindwa, inakwenda kwa bwana mmoja wa Uppsala aliyekwisha kuiandalia kabati la kioo sebuleni kwake.

Kabati la kioo! Injini inayopumua, uifungie kama vikombe vya wageni. Nilipoisikia habari hiyo nilikosa usingizi, na mimi ni mtu wa kulala.

Kazini natengeneza treni za abiria, na treni nazipenda, lakini mafundi wa kwanza wa pikipiki wamenichukua akili. Watu wale walianza na baiskeli na moto, wakawa hawajakubaliana hata injini ikae wapi. Huyu kaiweka juu ya gurudumu la mbele, yule chini ya kiti, mwingine kaitundika nyuma, na kila mmoja anaapa kuwa wenzake wamepotea. Fundi wangu wa Stockholm aliiweka katikati, chini kabisa, karibu na pedali, na ukikaa juu yake unaona kabisa kwamba alikuwa na akili timamu. Gia hakuipa. Mkanda wa ngozi unatoka kwenye injini moja kwa moja hadi gurudumu la nyuma, basi. Injini ikichoka, unaisaidia kwa pedali.

Magurudumu na spoku zake alinisukia Zénon, Mrundi anayetengeneza baiskeli Vällingby, ambaye zamani aliendesha pikipiki za abiria Bujumbura. Zénon ana mikono ya dhahabu na mdomo usiopumzika. Wiki ile nilikuwa zamu za usiku, kwa hiyo pikipiki ililala kwake, na Jumamosi akaileta kilimani mwenyewe.

Mara ya kwanza nilikanyaga pedali, injini ikakohoa, ikashika, nikaondoka vizuri. Nilipofika kwenye mwinuko, maajabu: injini inanguruma, gurudumu halivuti. Mkanda ulikuwa ukizunguka bure kama samaki anayeponyoka mkononi. Nilikanyaga pedali mpaka macho yakaona nyota. Nikayumba. Nikaweka mguu chini.

Gunvor, mwenyekiti wa klabu, mama wa miaka sabini na kitu aliyevaa koti la mvua la manjano, aliteremka taratibu kutoka kileleni. Hakuwa na ubaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Nakupa mara moja tena, Ziada," alisema kwa Kiswidi. "Halafu inatosha. Yule bwana ananipigia simu kila siku."

Alipogeuka kupanda tena, niliinama nikaushika mkanda. Vidole vilitoka vyekundu. Nikanusa. Harufu ile naijua, ni ya mboga za Jumapili kwa Zénon.

"Zénon. Hii ni nini?"

"Ni mawese, dada."

"Mawese! Kwenye mkanda?"

"Ngozi ilikuwa imekauka sana, dada Ziada, hii baridi iliimaliza. Kwetu ngozi ikikauka hivyo unaipaka mafuta, inakuwa laini, inaishi miaka mingi. Mimi niliihurumia tu. Pardon."

"Umeihurumia! Ngozi ya kukalia ndiyo inayotaka kulainishwa! Huu mkanda kazi yake ni kung'ang'ania!"

Nilimpa maneno ambayo siyarudii hapa. Alisimama akayapokea yote, kofia mkononi, mvua ikimwagikia upara wake, na nilipomaliza pumzi akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa tunafanya nini?"

Tuliufungua mkanda. Nilitoa petroli kidogo kwenye tangi, tukausugua kwa kitambaa mpaka wekundu ukatoka. Ulikuwa safi, lakini bado unateleza. Nikaingiza mkono kwenye mkoba kutafuta kitambaa kingine, nikashika kopo la ubani. Alasiri ile nilikuwa na harusi Fisksätra, na kumfukiza bibi harusi ni kazi yangu. Waswahili wa Stockholm hawaozeshi binti bila mimi na chetezo changu.

Nikalitazama kopo. Ubani ni utomvu. Utomvu unanata, na ukipata joto unanata zaidi.

"Shika mwavuli," nikamwambia Zénon, nikimpa wangu kutoka mkobani, ubani usilowe.

Nikauponda ubani kwa spana juu ya jiwe, nikaupaka unga wake upande wote wa ndani wa mkanda, nikausugua kwa kiganja mpaka ukaingia kwenye ngozi. Bibi harusi alinisamehe baadaye. Tukaurudisha mkanda, nikaukaza.

Nikakanyaga. Injini ikashika. Pale pale nilisikia mkanda ukiuma gurudumu, pikipiki ikanivuta kiuno. Mwinuko ulipoanza, moshi mweupe ulipanda kutoka kwenye mkanda na kilima kizima kikanukia harusi. Mzee mmoja aliyekuwa akikata ua wa miti wa nyumba yake aliacha mkasi hewani.

"Kanyaga, dada! Kanyaga!" Zénon alikuwa akikimbia kando yangu, mwavuli umepinduka. "Allez! Usilale!"

Katikati ya kilima injini ilianza kulegea, ikihesabu kila pigo. Nikakanyaga pedali kwa nguvu zote alizonipa Mungu, mapaja yakiwaka, nikiitukana na kuibembeleza kwa pumzi ile ile. Ikasita. Ikapiga. Ikapiga tena. Mkanda haukuteleza hata kidogo. Halafu barabara ikalala, na koti la manjano likawa mbele yangu likirukaruka kama la mtoto.

"Umeiweza!" Gunvor alipiga kelele. "Ni yako, Ziada! Simama nikupe mkono!"

Nilitaka kusimama, haki ya Mungu. Lakini mashine zile hazina klachi: gurudumu likitulia, injini inakufa. Nilikuwa nimeisubiri sauti ile mwaka mzima, na karakana ilikoundwa imeisubiri miaka mia. Leo hii niinyamazishe kwa mkono wangu, kwa sababu ya adabu?

Nikampungia Gunvor mkono, nikampita nikicheka na kulia, nikakata kona kuelekea stesheni.