Honorata Yupo

Kwanza tuelewane: Ernesta hakuiba. Mtu yeyote wa kijiji chetu cha Vudee atakwambia hivyo hivyo, maana miaka ile nani hakurudia darasa la saba kwa jina la mwenzake? Mtoto akikosa kuchaguliwa kwenda sekondari, baba anavuka mlima, anateta na mwalimu mkuu wa kijiji kingine, linatafutwa jina la mtoto aliyeacha shule, mambo yamekwisha. Ernesta alipewa jina la Honorata Loth wa Chome. Aliambiwa mwenye jina kaacha shule, hataki kusoma. Kwa jina hilo akarudia darasa huko huko Chome, akafaulu, akaenda sekondari, akamaliza kidato cha sita, na hesabu alizipasua mpaka walimu wakawa wanamkwepa kwa maswali yake.

Kisha baba akafariki, na chuo kikaota mbawa. Ernesta akabaki Same mjini anafundisha twisheni watoto wa watu. Aliwafundisha, wakaenda vyuoni, wakarudi wakimsalimia kwa Kiingereza. Yeye anacheka nao, wakiondoka anafunga mlango na kulia.

Mwaka huu chuo kimoja cha Dar kikatangaza kozi za hesabu kwa mtandao, hesabu za chuo hasa, na ukifaulu zinahesabika kwenye shahada. Nani anaweza kujiunga? Yeyote yule, walisema. Uwe kijana, uwe na wajukuu, uwe unakaa porini, mradi una cheti cha kidato cha sita chenye hesabu, na kitambulisho cha taifa. Ernesta alipiga vigelegele peke yake chumbani, mtu mzima na akili zake. Akajaza kwenye simu. Mfumo ukakataa. Akajaza tena, ukakataa tena, akapiga simu ofisini kwao.

"Mama, majina hayalingani," kijana wa huko alimwambia. "Cheti kinasema Honorata, kitambulisho kinasema Ernesta."

Jamani, hapo ndipo penye uchungu! Siku ya kuandikisha kitambulisho Ernesta alikuwa amechoka kuitwa jina la mtu. Akapeleka cheti chake cha ubatizo, akarudi nyumbani akijiona ametenda haki. Haki gani hiyo? Angeng'ang'ania uongo wake, leo angekuwa mwanachuo. Wahenga hawakukosea, nguo ya kuazima haisitiri matako.

Kijana alimpa njia moja tu: mwenye jina aende naye mahakamani, aape kwamba yeye siye aliyesoma. Basi Ernesta akabeba cheti, akapanda bodaboda hadi Chome. Miaka yote hiyo hakuwahi kumtafuta Honorata, hata kwa salamu. Njiani alijiuliza kwa nini, na jibu lilipoanza kumjia akaanzisha mazungumzo na dereva.

Alimkuta Honorata mlangoni kwake anachambua maharage kwenye ungo. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Ernesta akajitambulisha, akaeleza shida yake yote, na cheti akakitoa.

Honorata alimtazama juu mpaka chini. "Kumbe ndiwe. Mbona mfupi hivyo?"

Ernesta akacheka. Mwenzake hakucheka.

"Mahakamani sikatai kwenda," Honorata alisema. "Mpare na mahakama ni chanda na pete. Lakini nikaape nini? Kwamba niliacha shule?"

"Si ndivyo ilivyokuwa, dada? Mimi niliambiwa hukutaka kusoma."

"Nani? Mimi?" Honorata akauweka ungo chini. Aliinuka, na Ernesta akaona mguu wake mmoja haukunjiki. "Niliuvunja huu nikishuka na kuni kutoka msituni. Nikalala ndani msimu mzima, mama ananisomea vitabu vya shule mstari kwa mstari. Nilipoweza kusimama nikavaa sare, nikaenda na fimbo. Mwalimu akanizuia mlangoni. 'Honorata yupo,' akaniambia, 'amekaa pale nyuma.' Nikachungulia. Ulikuwa umeinama unaandika, hata uso hukuinua."

Ernesta aliitafuta siku hiyo kichwani, akaikosa. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Siku iliyomfungia mwenzake maisha, kwake yeye ilikuwa siku ya kawaida ya shule.

"Nisamehe," alisema, na alisema kweli, machozi yakimtiririka. "Sikujua. Haki ya Mungu sikujua."

"Hukuuliza." Honorata akajifuta mikono kwenye kitenge. "Hicho chuo chako, hasa wanamtaka mtu gani?"

"Mwenye cheti," Ernesta alijibu, "na kitambulisho chenye jina lile lile."

Honorata akaingia ndani akichechemea, akatoka na kitambulisho chake. Akakichukua cheti mkononi mwa Ernesta, akaviweka pamoja, akasoma polepole kwa kidole. "Honorata Loth." Akahamisha kidole. "Honorata Loth. Basi wanayemtaka ni mimi."

"Lakini dada, zile hesabu..." Ernesta alianza.

"Hesabu sizijui. Nitazijulia wapi, kiti changu kina mtu?"

 Kuku mmoja alikuwa anadonoa maharage kwenye ungo, wala hakuna aliyemfukuza. Honorata akakifuta cheti kwa upindo wa kitenge, akakikunja vizuri, kitambulisho kikiwa ndani, akavitia kifuani.

Ernesta akanyoosha mkono. Alitaka kusema nipe cheti changu, akafika kwenye lile neno changu, akaushusha mkono.

"Bodaboda wako anapiga honi," Honorata alisema, huku akiketi na kuupakata ungo wake. "Nenda, ukungu ukizidi hatakubali kushuka."