Kilima cha Evert

Hermina Bouwkamp alirudi kutoka kanisani Jumapili hiyo ya mwisho wa Agosti akiwa na jambo moja tu kichwani, wala halikuwa mahubiri. Mti wa mepli uliosimama mbele ya nyumba yao ulikuwa ukatwe kesho yake asubuhi. Matawi yake ya kileleni, upande wa kaskazini, yalikuwa yamekauka, na majani machache yaliyosalia huko yalikuwa yamegeuka mekundu ilhali miti mingine yote ya mtaa ingali kijani. Halmashauri ya mji, kwa kuhofia matawi yasije yakawaangukia wapita njia, ilikuwa imekwisha kuutia alama ya rangi. Mti huo Hermina aliupanda kwa mikono yake, masika yaliyofuata mazishi ya binti yao wa kwanza. Hilo halikutajwa nyumbani mwao, lakini hakuna aliyelisahau.

Kuhusu maradhi ya mti, kila mdomo ulikuwa na neno lake. Jirani yao, Lois Terpstra, alilaumu chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Mchungaji alilaumu ukame. Evert, mumewe Hermina, alimlaumu mbwa wa Lois, na kila alipomaliza kulaumu alileta toroli nyingine ya matandazo ya magome, akayarundika shinani, akayapigapiga kwa koleo mpaka yakawa kilima kinachomfikia mtu magotini. Mtaa mzima ulifanya vivyo hivyo kila masika, na kilima cha Evert ndicho kilichosifiwa kuliko vyote.

Lakini asubuhi hiyo, watu walipokuwa wakiagana nje ya kanisa, Hermina aliutazama mti wa mepli wa pale uwanjani, mkongwe usiohangaikiwa na mtu. Shina lake lilitanuka chini kama pindo la gauni. La kwao liliingia katika kilima cha Evert wima kama nguzo ya simu.

"Evert, chukua koleo ukiondoe kilima chako," alisema, mumewe hajavua hata tai.

"Leo? Leo Jumapili, mke wangu."

"Najua. Kalenda ninayo jikoni."

"Tangu tuoane sijashika koleo Jumapili. Hata theluji ilipoziba mlango, tulingoja Jumatatu."

"Theluji haikuwa na haraka. Rudy Escobedo anakuja na msumeno wake kesho saa mbili!"

"Na matandazo yamekosa nini? Yanahifadhi unyevu. Yanaupendezesha mti!"

"Yanaupendezesha? Mti una upara kukushinda wewe!"

Evert alijishika kichwa. Hermina akaona ajaribu Maandiko. "Bwana mwenyewe aliuliza: ni nani ambaye ng'ombe wake akitumbukia kisimani siku ya Sabato, hatamtoa?"

"Ng'ombe, Hermina. Hakusema mepli."

"Haya, baki na utakatifu wako."

Alichukua upawa wa supu, akatoka na gauni lake la kanisani, akapiga magoti, akaanza kuchimba. Mapazia ya mtaa yakatikisika. Lois hakuridhika na pazia, akatoka hadi barazani.

"Hermina! Umepoteza hereni?"

"Nimepoteza subira! Rudi ndani, kahawa yako inapoa!"

Evert alimjia mbio. "Inuka, mama. Watu wanatuona."

"Na waone."

Chini ya magome makavu palikuwa na uozo mbichi, na gome la mti lilikuwa limelainika kama mkate uliochovywa katika chai. Evert aliinama amwinue mkewe, mkono wake ukagusa kitu kigumu. Akapiga magoti naye, akafukua kwa vidole. Mzizi mnene kama kifundo cha mkono ulikuwa umepanda ndani ya kilima chake ukitafuta unyevu, ukalizunguka shina upande wa kaskazini, ukazama ndani yake kama pete katika kidole kilichovimba.

Evert aliufuata mzizi kwa kidole mpaka ulipozama.

"Mimi nilidhani ni mbwa," alisema.

Akainuka, akaenda gereji na tai yake shingoni, akarudi na patasi na nyundo. Mlio wa nyundo ukasikika katika mtaa ambao Jumapili haujapata kusikia hata mashine ya kukata nyasi.

Kesho yake Rudy, alipoonyeshwa mzizi uliokatwa, alikwaruza vitawi kwa ukucha. Vya kaskazini vilikuwa hudhurungi na vikavu, vya kusini kijani na vyenye maji.

"Upande huu ungali hai, mama. Nitakata nusu. Siahidi kitu, maana kidonda kimeingia ndani. Nani aliugundua huo mzizi?"

"Sisi," alisema Evert upesi. Hermina aliuma midomo.

Jioni ilipofika ilisimama nusu ya mti, mbaya ya sura, lakini ilisimama. Evert aliizunguka, mikono mgongoni, akiutazama udongo mtupu shinani.

"Hermina, hapa panaonekana uchi. Nikileta toroli moja tu, kidogo..."

Hermina aliishika toroli kwa mikono yote miwili, akaisukuma hadi kwenye lori la Rudy, akasimama pale mpaka ilipopakiwa juu ya matawi makavu.