Treni ya Paka

Abibo, fundi bati wa Palma, hakuwahi kupanda treni maishani mwake. Aliijua kwa hadithi tu, ile aliyokuwa akimtungia bintiye Nadia: dereva paka, abiria kaa, na kila kituo wote wanashuka kunywa chai. Nadia alipougua kifua, baba akamjengea hadithi yenyewe uani: mabehewa ya makopo ya sadini, reli za waya, paka wa bati mwenye kofia. Mtoto akafa kaa wa mwisho hajapakwa rangi.

Siku ya arobaini akaja Dércio wa Pundanhar. Ukoo wake na wa Abibo ni watani tangu mababu, na mtani msibani ana ruhusa ya kufanya lolote. Mfiwa akikasirika, aibu ni yake. Dércio akapiga honi kwa mdomo, akaiga kikohozi cha Nadia, kisha akaikanyaga treni, behewa baada ya behewa, mpaka paka akawa bapa.

"Mwisho wa safari, shukeni!"

Watu wakaangua kicheko. Abibo naye akacheka mpaka mbavu zikamuuma.

Mvua zilipokwisha, Dércio akafiwa na binti yake, Telma. Abibo alifika Pundanhar kaburi halijachimbwa. Akapenya katikati ya waombolezaji, akamlaza yule paka bapa kifuani pa marehemu, akapiga honi kwa mdomo.

Kisha akamgeukia baba mtu.

"Cheka, mtani wangu," akasema. "Watu wanakutazama."