Vidonge vya Wepesi

Mimi mnene. Nalisema mwenyewe kabla ninyi hamjalisema. Nimeolewa mnene, nimezaa mnene, nimefiwa na mume mnene, na hapa Mkomaindo, Masasi, watoto wakitaka kuniamkia husogea kwanza pembeni ya njia, ndipo waseme shikamoo Mama Cecil. Marahaba, wanangu. Unene wangu haukuwahi kunikosesha raha hata siku moja. Kilichonitia taabuni ni moyo.

Ulinianza mwaka ule Wazungu wa karanga walipofunga mashamba yao kule Nachingwea. Nimekaa zangu nachambua mchele, mara kifua kikaanza kucheza ngoma yake, kikanyamaza, kikaanza tena mbio mbio. Nikaenda hospitali ya misheni. Sista mmoja wa Kizungu, mrefu, mwenye Kiswahili cha kusoma Injili, akaniwekea mpira wake kifuani akasikiliza mpaka nikadhani amesinzia.

"Mama Cecil," akasema, "moyo wako hauna mwendo mmoja. Unatembea, unasita, halafu unakimbia."

Akanipa vidonge vyeupe vya kuushika moyo, nimeze kimoja kila asubuhi. Akaniambia pia nipunguze mwili, ila polepole: nipunguze ugali na mafuta, nitembee jioni, na kila mwezi nirudi anisikilize. Nikamwitikia vizuri. Sikuwa na haraka na jambo hilo. Haraka ilikuja baadaye, na ilitoka Newala.

Kule Newala alikuwako Isabela, mtoto wa marehemu mdogo wangu Julia. Julia alifariki mtoto bado ananyonya, nami nikamlea mpaka alipoota meno yote, ndipo baba yake Danieli akamchukua. Wanamwita mtoto wa Danieli. Kwetu sisi mtoto ni wa upande wa mama, na huyo alikuwa wangu. Sasa alikuwa amevunja ungo, ameshawekwa ndani, na baada ya mavuno atatolewa unyago pamoja na wenzake. Siku ya kutolewa, mwali hatoki mlangoni kwa miguu yake. Hufunikwa kanga, akabebwa mabegani na mama yake au dada wa mama yake, tangu mlango wa nyumba mpaka uwanja wa kanisa, watu wakipiga vigelegele. Asiye na wa kumbeba hutembea chini nyuma ya wenzake, na watu husema mwali yule hana watu.

Mwanamke wa ukoo wa Julia aliyebaki duniani nilikuwa mimi peke yangu.

Kabla hajawekwa ndani nilipanda lori la Husseni nikaenda kujaribu. Nikachutama, mtoto akanikalia mabegani, nikainuka. Nikafika jikoni. Jikoni tu! Pumzi ikakata, moyo ukaanza vurugu zake, nikamshusha huku nikijifanya nimeona nyoka. Ethel, dada yake Danieli, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mrefu kuliko yeye mwenyewe, akacheka hadi akashika nguzo.

"Wifi, kwa mwendo huo tutafika kanisani wakati wa Krismasi. Si bora nimbebe mimi?"

"Wewe nani?" nikamwuliza. "Umemzaa wewe? Au kuna tumbo lako lililomsaidia Julia?"

Lakini nilirudi Masasi nikiwaza njia nzima. Nilikuwa naona waziwazi siku ile, wenzake wote wako juu, na mtoto wa Julia yuko chini kwenye vumbi. Hilo sikuweza kulivumilia. Na "polepole" ya Sista isingewahi mavuno.

Ndipo nikakumbuka chupa. Nachingwea nilikuwa nafua nguo za memsahibu mmoja, bibi wa Kizungu, na mwaka aliokuja alikuwa mnene kama mimi, mwaka alioondoka gauni zake zote zilimning'inia kama ziko kambani. Siku ya kufunga virago alinipa vyombo, mapazia, na chupa ya vidonge vya njano. Akasema hivyo ndivyo vilivyomkondesha, ila daktari wake alimpima moyo kwanza kabla ya kumpa. Nilikuwa nafunga mapazia. Nilisikia mpaka "vilivyomkondesha," mengine yakaenda na upepo.

Nikavianza. Asubuhi nameza cheupe cha Sista, nikikaa kidogo nameza cha njano cha memsahibu. Niliwaza hivi: kimoja kinaushika moyo, kingine kinaushika mwili, kila kimoja na kazi yake, vina ugomvi gani?

Jamani, ule wepesi! Siku chache tu na njaa ikanihama kama mpangaji. Sufuria ya mihogo ilikuwa mbele yangu na haikuniambia kitu. Usingizi nao ukapungua, lakini sikuumia, kwa sababu mchana wenyewe ukawa ndoto. Milima ya mawe ya Masasi, ile mikubwa mnayoiona, niliiona inapumua. Nilikwenda sokoni na miguu haigusi chini, watu wanapita kando yangu midomo inacheza na sauti zao zinafika baadaye. Kinywa kikavu, masikio yananiimbia, na mwili unaondoka kidogo kidogo. Kanga niliyokuwa naifunga kwa shida sasa ikanizunguka na kubaki. Nilifurahi! Nilijishika kiuno nikacheka peke yangu barabarani, na mzee Shamte wa duka la chumvi akaniuliza kama nimeposwa.

Mwezi ulipokwisha nikarudi kwa Sista. Akasikiliza, akakunja uso.

"Umepungua haraka sana. Na moyo unakimbia kuliko mwanzo. Mama Cecil, unakula dawa nyingine yoyote?"

"Hapana, Sista."

Msinihukumu kwa uongo, maana haukuwa uongo kama mnavyofikiri. Kwetu, dawa ya mganga mmoja haitajwi mbele ya mganga mwingine. Ukiitaja, uliye naye unamtukana, na ile uliyoitoa kwa mwenzake unaivunja nguvu. Bibi yangu alikuwa na waganga watatu na alikufa bila mmoja wao kumjua mwenzake. Hiyo ndiyo adabu tuliyofunzwa. Sista alikuwa mganga, memsahibu alinipa dawa, basi mdomo nikaufunga. Sista akanitazama kwa huzuni, akaniambia nisifanye kazi nzito, nirudi baada ya wiki. Nami siku iliyofuata nikapanda lori kwenda Newala.

Newala wakati wa kipupwe ni baridi, na asubuhi ukungu unapanda kutoka bonde la Ruvuma unaingia mpaka ndani ya nyumba. Mimi nikiwa na vidonge vyangu niliona ukungu ule una watu. Nilikaa uani kwa Danieli, na Julia akaja akakaa karibu na kinu, anamenya mihogo, hana haraka. Sikuogopa hata kidogo. Nilimwambia, "Mdogo wangu, nitambeba, usiwe na wasiwasi." Akaendelea kumenya. Maganda yalianguka bila sauti, na jua lilipotoka akawa hayupo na maganda hayapo.

Mchana nikaingia kwa mwali. Chumba cha mwali kina giza, wanaoruhusiwa ni kungwi na mimi. Isabela alikuwa amekaa kwenye mkeka, amepakwa mafuta, macho chini. Mwali haongei. Asiseme na mtu mpaka atolewe, asionwe na jua, asionwe na mwanamume. Kwa hiyo kumwambia siri ni sawa na kuimwaga mchangani. Nikatoa chupa kwenye pindo la kanga.

"Unaona hivi? Ni vya mzungu wa Nachingwea. Sista hajui, baba yako hajui, na yule shangazi yako akijua atavitangaza kwa baragumu. Cheupe asubuhi, cha njano baadaye, na leo naongeza kimoja, maana siku zimekaribia. Nitakubeba mpaka kanisani, mwanangu, na nitapitia njia ndefu ili wakuone."

Akanyanyua macho akanitazama. Kisha akashika mkono wangu akauweka shavuni kwake, akaukazia hapo. Mimi nilidhani ni furaha ya mtoto. Nikavimeza mbele yake, nikatoka.

Uani kulikuwa na gunia la mihogo mikavu, na nilitaka Ethel anione. Nikalipandisha mabegani nikatembea. Nikapita jikoni. Nikapita kinu! Ethel akaacha kupepeta, mdomo wazi. "Wifi, umekula nini?" Nikataka kumjibu jambo la kumkera, lakini ukungu ulikuwa umerudi na haikuwa saa yake. Ulikuwa mweupe, mzito, una joto. Moyo ukaruka kama samaki kwenye tenga, ukasimama, nikausubiri. Sikujua nimeanguka. Nilijua tu kwamba mbingu ziko mahali pa ukuta, na gunia limelala kando yangu.

Ethel alipiga yowe moja tu na uani kukajaa. Wakamwita Benedikto, mganga wa zahanati ya jirani, kijana mwenye moyo mzuri. Akanishika mkono akahesabu, akahesabu tena, jasho linamtoka.

"Mama Cecil, nisikie. Unakula dawa gani?"

"Ya Sista," nikasema. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu aliye kisimani.

"Ya moyo? Na nyingine?"

Ningeweza kusema. Ulimi ulikuwepo. Lakini nilikuwa naelea, jamani, na Julia alikuwa amesimama nyuma ya Benedikto, na niliwaza kwamba nikiitaja tu dawa ile nguvu itavunjika, unene utanirudia palepale, na mtoto atatembea chini. Nikasema, "Hakuna."

Benedikto akapumua. "Basi ile ya Sista imekuwa kidogo. Nitamwongezea." Akafungua mkoba wake, akatoa vidonge, Ethel akaleta maji. Kikombe kikanigusa mdomo.

Mlango wa chumba cha mwali ukafunguka.

Alitoka mchana kweupe, hana kanga kichwani, mafuta yanang'aa mwilini, jua linampiga usoni. Wanawake wakapiga kelele wakitaka kumfunika. Wanaume wakageuza nyuso. Kungwi akasema, "Rudi! Rudi ndani, wewe, unajiharibia!" Isabela akampita. Akaja mpaka mbele ya Benedikto, mwanamume, akamwangalia, akasema kwa sauti iliyosikika uani pote:

"Usimpe! Anameza vingine. Vya njano, vya mzungu wa Nachingwea, leo ameongeza. Viko kwenye pindo la kanga yake."

Ethel akapekua pindo, chupa ikatoka. Benedikto aliitazama akairudisha mikono nyuma kama ameshika kaa la moto.

"Mungu wangu. Hiki kinaucharaza moyo mbio, na ningeongeza cha Sista juu yake. Ungesimama." Akamwaga vidonge vyote, vyake na vyangu, akaniweka kichwa juu, akakaa nami mpaka lori likapatikana. Ethel alinishikilia njia nzima hadi Masasi, na kila lori liliporuka aliapa kwamba nikifa atanipiga.

Sista hakunigombeza, na heri angenigombeza. Nilimweleza ile adabu ya waganga, naye akalaza vidonge vyake mezani. "Dawa zote unazokula ziwe hapa mbele yangu, ya hospitali, ya kienyeji, ya dukani, ya kupewa. Mimi sitatukanika. Moyo kama wako haukondeshwi kwa vidonge vya mtu mwingine. Utapungua, lakini mimi nikiusikiliza." Nikalia kama mtoto. Nililia kwa sababu ningekufa, halafu nikalia zaidi nilipokumbuka nani alinizuia nisife, na kwa bei gani.

Kwa sababu kungwi alishasema. Mwali aliyetoka kabla ya siku yake ameshatoka. Hatofunikwa kanga, habebwi na mtu. Danieli aliomba, hata Ethel aliomba, na Ethel haombi. Kungwi alikuwa na haki yake, sikumlaumu.

Siku ilipofika nilikuwepo, Sista ameniruhusu kwa masharti. Wenzake wote walitoka mabegani, wamefunikwa, vigelegele vinapasua anga. Isabela akatoka mwisho, uso wazi, kwa miguu yake. Mwanamke mmoja aliyetoka Chiungutwa akamwuliza mwenziwe kwa sauti, "Yule vipi? Hana watu?"

Nikasimama katikati ya njia.

"Anaye! Mtu wake ni mimi! Nitazame vizuri, mimi hapa, napumua!"

Wakatupisha njia. Isabela akaja akanishika mkono, tukaanza kutembea. Wenzake walishatangulia mbali, na ngoma ilikuwa imekata kona. Mimi nilikwenda hatua chache nikasimama, moyo ukasita, ukaendelea. Naye alisimama. Kila niliposimama alisimama, wala hakunivuta, wala hakuangalia mbele walikokwenda wenzake.

"Nimekukosesha siku yako, mwanangu," nikamwambia.

"Nilishafiwa na mama mara moja," akasema. "Pumua kwanza, ndipo twende."