Siku Driwaru Alipoikataa Kesi Yangu

Nilikasirika, sikatai. Mimi Lemi wa Midia, mzee mzima, nilitoka kortini Koboko nikitukana hata mbuzi wa njiani.

Kesi ilikuwa ya shamba. Jirani yangu Aliga alisogeza mpaka, akalima muhogo hadi kwenye kaburi la mama yangu. Kaburi la mama, jamani! Tulivutana miaka mitatu. Halafu nikasikia hakimu mpya ni Driwaru, binti wa dada yangu aliyeolewa Arua. Amekulia misheni ya Ediofe kwa masista, anatumia jina la upande wa baba yake, kwa hiyo Koboko hakuna mtu aliyejua kuwa mimi ni mjomba wake. Nikanunua koti. Nikamwambia mke wangu, "Kesi imekwisha hii. Wewe chemsha chai tu."

Kwetu mjomba si mtu wa mchezo. Driwaru hunipigia magoti akinisalimia, na hata harusi yake ilingoja neno langu. Angeniangusha vipi?

Basi siku ya kesi Driwaru akaingia kortini, sote tukasimama, tukainama. Akafungua jalada, akasoma jina langu, akavua miwani. Akasema Kiingereza polepole. Mkalimani akanitazama, ndipo akatafsiri: "Hakimu anasema mzee huyu iko mjomba wake. Nyumbani anamupigia magoti. Mutu unamupigia magoti, huwezi kumuhukumu. Kesi itaenda kwa hakimu mwingine."

Loo! Aliga akageuka kunitazama. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Jioni nikampigia simu Driwaru.

"Umeniaibisha mbele ya watu! Na nikikunyima baraka yangu, je?"

"Hiyo ni haki yako, mjomba," alisema. "Lakini kesi yako siwezi kuiamua."

Nikamkatia simu.

Hakimu mwingine alikuja hadi shambani kwa miguu yake. Akatafuta mawe ya mpaka wa zamani, akawasikiliza wazee waliomzika mama. Ilichukua miezi minne, nami nililala vibaya yote minne. Nikashinda.

Nje ya korti Aliga akanifuata. Nikakaza ngumi. Kumbe ananyoosha mkono.

"Angeamua yule binti yenu, ningesema mmeniibia mpaka nife," akaniambia. "Sasa niseme nini, mzee? Muhogo nitang'oa wiki hii." Na akang'oa kweli, akafagia na kaburi.

Siku hiyo alipofagia nilikwenda Arua, nyumbani kwa Driwaru mtaa wa Awindiri. Dada yangu alikuwa huko. Driwaru akatoka jikoni na unga mikononi, macho chini, hajui nimeleta baraka au laana. Akaanza kupiga magoti kama siku zote.

Nikamshika bega. "Simama."

Nikavua kofia, nikainama, vile tulivyoinama siku ile kortini.

Dada yangu akaangua kicheko. "We Lemi, umerogwa?"

"Nyamaza wewe," nikamwambia, machozi yananitoka na wala siyafuti. "Namsalimia hakimu."