Dakika Sitini na Tano

Kaka alipopiga simu kusema haji, mdogo wake, mkata tiketi za ndege, alikuwa amekwisha kumshikia kiti kwenye kompyuta: dirishani, ndege ya asubuhi, tiketi ya bure ya familia za wafanyakazi. Ilikuwa ya nne mwaka huo. Kwa zile tatu za kwanza, ndege iliruka na kiti kitupu.

"Mdogo wangu, unajua huku ni mbali," kaka alisema kwa sauti yake nzito. "Si mchezo mtu kuinuka tu."

Mbali! Safari hiyo mkata tiketi anaiuza kutwa. Uwanja hadi uwanja ni kilomita mia sita na kumi na mbili, dakika sitini na tano, na upepo ukiwa nyuma ya ndege, sitini tu. Kuna mama muuza vifaranga anayekwenda asubuhi na maboksi yake yakipiga kelele, na jioni yuko kwake anapika. Vifaranga wa siku moja wanaiweza safari hiyo. Kaka, na kitambi chake na tai zake, haiwezi.

"Mama anapasuliwa kesho, kaka."

"Ndiyo maana nasema muwe mnanipa taarifa mapema."

Alipewa wiki tatu nyuma. Mkata tiketi akamkatia simu bila kuaga. Mtu bure kabisa, na macho makavu juu yake.

Nyumbani, umbali wa mji anakoishi kaka ulipimwa kwa kitu kimoja: kaka kutofika. Mama hajapanda ndege maisha yake, na mwanawe hajaonekana miaka sita, basi alishajijibu mwenyewe kwamba kule ni mwisho wa dunia. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumsahihisha. Lakini jioni hiyo mkata tiketi aliingia wodini amedhamiria kumwaga kila kitu. Mama amjue mwanawe, amchoke kama wao ndugu zake walivyomchoka.

Mama alikuwa ameketi kitandani na gauni la hospitali, macho mlangoni. Muuguzi alikuwa anampima presha. Kwao muuguzi huyo ni mji ule ule wa kaka, na kila mwisho wa mwezi huja dirishani kwa mkata tiketi kukatiwa tiketi ya kwenda na kurudi.

"Anakuja?" mama aliuliza.

"Haji, mama."

Mama alinyoosha shuka iliyokwisha kunyooka. "Hivi mwanangu, wewe si ndiye unayeziuza hizo tiketi? Kutoka kule ndege inachukua muda gani?"

Muuguzi akainua macho. Mkata tiketi aliona kidevu cha mama kinatetemeka, na maneno yote aliyokuja nayo yakamkauka.

"Masaa kumi na manne, mama. Na kubadilisha ndege mara mbili."

"Umesikia?" Mama alimgeukia muuguzi, uso umemchanua. "Kumi na manne! Maskini mwanangu, atafikaje?"

"Ni mbali kweli, mama," muuguzi alisema, akaandika presha kwenye faili.

Mkata tiketi akatoka koridoni. Alimchukia kaka yake kuliko siku zote, na kujichukia pia. Simu ikaita. Ni kaka.

"Nimeshamwambia mama ni mbali," mkata tiketi alisema kabla hajasalimiwa.

Kaka akashusha pumzi. "Asante, mdogo wangu. Nilijua wewe ndiye utakayenielewa."